Homa ya Kwetu na Homa ya Mama Beryl

Watoto wa plot yetu hapa Satellite, Nairobi, wanamwita Sister Kijiti. Jina lake ni Selpher. Ni sajini wa jeshi na pia ni nesi, na kila mahali anaenda amebeba boksi ya bluu yenye barafu ndani. Akitokea tu pale kwa geti watoto wanapiga kelele, "Kijiti! Kijiti imekam!" halafu wanakimbia nyuma ya matangi ya maji wakiwa wamefunika mapua na mikono. Yeye hakasiriki. Anapanda ngazi floor nne bila kushika ukuta, anagonga mlango wetu mara mbili, anasema, "Hodi, wenyewe mko?"

Kijiti chenyewe ni cha pamba, kirefu kama penseli. Anakiingiza kwa pua mpaka mahali hata hukujua uko napo, anazungusha, anatoa, anakifunga ndani ya kachupa, anaandika namba yako, anaweka kwa boksi. Hiyo ndio inaitwa sampuli. Inapelekwa maabara waangalie kama uko na virusi vya influenza, na kama uko navyo, ni vya aina gani.

Baba yangu ni Koplo Mabruki. Ndiye alituandikisha mwaka jana, sisi na familia zingine kumi na saba za wanajeshi, wengine wako Dagoretti, wengine Riruta, wengine hapa hapa kwa plot. Siku ya kwanza Sister Selpher alivua viatu mlangoni, akakaa chini kwa mkeka na Mama, akamweleza vizuri.

"Mama Nabiha, hawa wanaume wanalala arobaini kwa banda moja. Mmoja akipiga chafya Jumatatu, Ijumaa banda nzima imelala. Halafu wikendi anakuja hapa anambeba huyu." Akaonyesha Afnan, mdogo wangu, ana miaka minne. "Ama ni huyu anampatia babake, naye anarudi nayo kambini. Mimi nataka kuiona ikiwa bado iko mlangoni."

Mama ni mtu wa Likoni, huko Pwani, hakubali kitu haraka. "Na hicho kijiti chafika wapi?"

"Mbali kidogo."

"Mbali kidogo ni wapi? Kwenye ubongo?"

"Hakifiki ubongo, Mama."

"Basi aanze mwenye nyumba."

Baba ameenda misheni mara mbili. Ako na kovu mguuni, hapendi kuongea mambo yake. Siku hiyo kijiti kilipoingia alitoa machozi mawili makubwa yakashuka mpaka kwa ndevu, na akashika mkono wa Mama. Mama alicheka mpaka akalala kwa mkeka. Sister Selpher hakucheka, alisema tu, "Pole, Koplo, umefanya vizuri," na vile alisema Baba akakaa wima tena.

Mimi ndio nilikuwa wa mwisho. Mimi siongei sana. Nikiwa mbele ya mtu mkubwa maneno yanakuja mpaka hapa kwa koo, halafu yanakaa. Watu wakubwa wengi wanauliza, "Mbona huyu haongei? Ulimi umekatwa?" na Mama anajibu kwa niaba yangu. Sister Selpher hakuuliza. Alipuliza viganja vyake kwanza ili visiwe baridi, akashika kidevu changu, akaniambia, "Ikiuma sana inua kidole. Nitasimama." Nikainua kidole. Akasimama. Akangoja kabisa, mkono hautingishiki, mpaka nikakishusha mwenyewe. Nilifikiria hiyo kitu wiki nzima. Watu wengi wanasema watasimama.

Basi mpango ulikuwa hivi. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, simu ya kila familia ilikuwa inapata meseji moja: *Je, kuna mtu yeyote nyumbani aliye na homa leo? Jibu NDIO au HAPANA.* Ukijibu NDIO, Sister Selpher anakuja siku hiyo hiyo, anauliza kama mgonjwa anakohoa, anapima joto, anachukua sampuli. Hata kama joto imeshuka, mradi mmesema homa ilikuwepo jana ama juzi, anachukua. Ukijibu HAPANA, anapitia nyumba zingine.

Kwetu mimi ndio nilikuwa najibu. Mama anauza kwa duka ya buibui ya mjomba Ridhaa pale Biashara Street, anatoka mapema, na shule ilikuwa imefungwa, likizo ya Aprili, kwa hivyo simu ndogo anaacha na mimi. Mimi napenda meseji. Meseji haikuangalii usoni.

Floor ya tatu, chini yetu, kuna Mama Beryl. Jina lake Jacklyne, mtu wa Siaya, na bwanake Dalmas ni mwanajeshi kama Baba. Wako na watoto watatu, na wale watoto, Mungu anisamehe, mapua zao hazikauki. Mama Beryl alikuwa anajibu NDIO kama mara tatu kwa wiki. Sister Selpher anatoka kliniki pale karibu na Adams Arcade, anakuja mpaka Satellite, anapanda, anapima: thelathini na sita nukta tano. Anapima mwingine: thelathini na sita nukta saba.

"Mama Beryl, uliniambia kuna homa."

"Si hii hapa? Angalia pua ya huyu. Inamwagika tangu juzi."

Sister anaangalia. Anachukua sampuli, kwa sababu foomu inasema mama amesema mtoto ana homa. Wiki inayofuata majibu yanarudi: hakuna influenza. Tena anaitwa. Tena hakuna. Sijawahi kumsikia akilalamika. Siku moja mvua ilikuwa inanyesha mbaya akafika viatu vimejaa maji, akavua soksi akakamua pale kwa korido, akavaa tena, akaingia kwa Mama Beryl akisema, "Haya, leo nani anaumwa?" kama mtu amekuja kutembelea dadake.

Halafu Dalmas akaugua.

Alirudi kutoka mazoezi ya jeshi Jumapili. Nilimwona akipanda ngazi akishika ukuta, akitetemeka na jua ilikuwa kali. Tulikuwa tunasikia akikohoa kupitia sakafu, kikohozi kikavu, kama mtu anagonga mbao. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alhamisi walimbeba watu wawili mpaka kwa gari ya jeshi, midomo imekuwa rangi ya jivu, hawezi kupumua vizuri. Wakamlaza. Wodini wakampima: influenza, na imeshuka kwa mapafu.

Hiyo Alhamisi jioni Sister Selpher alikuja. Mimi nilikuwa nashuka na ndoo ya maji machafu, nikasimama kwa ngazi juu yao, hawakuniona. Mlango wa Mama Beryl ulikuwa wazi, na hiyo ndio siku pekee nimewahi kusikia Sister Selpher akipandisha sauti.

"Jumatatu nilikuuliza. Jumanne nikakuuliza. Jumatano. Mara tatu, Jacklyne, na mara tatu umeniandikia HAPANA!"

"Sasa ulitaka niandike nini?"

"Mtoto akitoa kamasi unaniita mbio. Mzee anaungua ndani ya nyumba siku nne, unasema hapana. Unanichezea ama?"

"Nikuchezee, bwana yangu ako na mpira ya oksijeni kwa pua? Mimi?" Mama Beryl alianza kulia na hasira. "Hakuwa na homa! Nakuapia! Hata kamasi moja hakuwa nayo! Ilikuwa joto tu, na kifua, na mifupa. Nikasema ni malaria ya huko porini. Homa ningekwambia!"

Sister Selpher aliweka boksi chini. Halafu akasema polepole, si kwa hasira tena, kama mtu amechoka. "Jumamosi Kapteni Ephantus anakuja. Anataka kufunga hii kazi. Tangu Januari mmeniita mara mia na nne, na influenza nimepata saba. Saba peke yake! Na wanajeshi kumi na mmoja wamelazwa nayo, watatu wanatoka kwa nyumba zangu, na zote tatu zilijibu HAPANA. Anasema familia zinadanganya. Anasema mimi nirudi wodini, hii boksi ipelekwe kwingine. Na mimi sina cha kumjibu."

Akabeba boksi yake akashuka.

Mimi nilibaki pale na ndoo. Kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Nilielewa kitu yote mara moja.

Kwetu, Mama akisema mtu ana homa, maana yake mwili wake ni moto. Pua ikimwagika hayo ni mafua. Hivyo ndivyo Likoni nzima inasema. Lakini tulipohamia Nairobi nikiwa darasa la tatu, siku moja mwili uliniwaka, nikajikaza nikamwendea Mwalimu Shiru, nikamwambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nina homa." Akakata tishu akanipatia. "Penga vizuri, urudi ukae." Nikapenga. Hakuna kilichotoka. Saa ya michezo nilianguka kwa uwanja, na ndipo Mwalimu akaniwekea mkono kwa paji akasema, "Huyu mtoto anachomeka! Mbona hakusema?" Nilisema. Nilisema homa. Kumbe huku homa ni ile ya kupenga.

Na sasa ile meseji ilikuwa inauliza Kiswahili cha Mama, na Mama Beryl anajibu Kiswahili chake. Hakuna mtu alikuwa anadanganya. Mama Beryl alikuwa anasema ukweli kila siku.

Asubuhi ya Ijumaa saa kumi na mbili na nusu simu ikalia. *Je, kuna mtu yeyote nyumbani aliye na homa leo?* Sikuandika NDIO wala HAPANA. Niliandika: *Sister Selpher ni mimi Nabiha wa floor ya nne. Mama Beryl hakudanganya. Kwao homa ni mafua.* Nikatuma.

Jibu likaja hapo hapo. *Jibu lako halijaeleweka. Tafadhali jibu NDIO au HAPANA.*

Nikaandika tena, fupi. *Sister, neno homa ndio shida.*

*Jibu lako halijaeleweka. Tafadhali jibu NDIO au HAPANA.*

Nikaandika *SHIDA NI HOMA* kwa herufi kubwa. Kompyuta ikaniambia haijaelewa. Nilikuwa na namba yake mwenyewe imeandikwa kwa kadi, lakini kupiga simu mimi? Afadhali kijiti. Nikifikiria tu simu inalia upande ule halafu anasema "Hello?" halafu mimi nanyamaza.

Kwa hivyo nikachukua karatasi ya daftari nikaandika yote. Nikaandika Mama anasema nini, Mama Beryl anasema nini, na ile siku ya tishu. Nikampeleka Afnan kwa jirani, nikaenda mpaka Adams, nikaingia kliniki.

Kwa meza ya mbele alikuwa kijana wa kuandika wagonjwa, anaitwa Lenox, ameweka miguu juu ya kiti kingine. "Sasa, mrembo. Unaumwa?" Nikatikisa kichwa. "Umeleta mgonjwa?" Nikatikisa kichwa. "Sasa umekuja kutusalimia?" Nikamwonyesha karatasi. "Ni ya nani? Ya Sister? Aii, barua ya mapenzi!" akaita kwa nguvu, "Sister! Kuna mtu ameleta proposal!"

Nilitaka sakafu ipasuke. Sister Selpher akatoka nyuma, macho mekundu, nadhani hakuwa amelala. Alikuwa anapanga mafaili kwa katoni. Nikampatia karatasi, nikaangalia viatu vyangu.

Mara ya kwanza aliisoma amesimama. Mara ya pili akakaa. Halafu bila kuinua macho akasema, "Lenox. Homa ni nini?"

"Si ni hii ya kupenga kamasi?"

"Na mwili ukiwa moto?"

"Hiyo ni fever. Ama malaria. Kwani kuna mtihani?"

"Stellah!" Stellah ni mama anayepiga deki, anatoka Kakamega. "Stellah, ukiambiwa mtoto ana homa, unatafuta nini?"

"Kitambaa," Stellah akasema kutoka korido.

Sister Selpher akafunika uso na mikono miwili. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, lakini si kicheko ya kufurahi. "Mimi mwenyewe," akaniambia. "Mimi mwenyewe nikiwa kwangu na mafua namwambia mtu, usinikaribie, niko na homa. Halafu navaa hii uniform, nafungua kitabu, homa inageuka inakuwa fever. Hawakuleta hiyo meseji na gari kutoka mbali, Nabiha. Mimi ndio niliiandika. Nilitaka iwe Kiswahili safi."

Nikaangalia viatu.

"Kesho utakuja mkutanoni?"

Nikaitikia na kichwa.

"Sitakuambia usimame. Lakini naomba hii karatasi. Naweza kuisoma?"

Nikafikiria. Halafu nikaitikia.

Jumamosi tulijaa kwa ukumbi wa kliniki, familia zote kumi na nane, watoto kwa mapaja, wengine wamesimama kwa madirisha. Mama aliomba ruhusa dukani, akavaa buibui yake mpya. Mama Beryl alikaa mwisho peke yake, hakuna mtu alitaka kukaa karibu naye, kwa sababu habari ilikuwa imezunguka kwamba amedanganya mpaka bwanake karibu afe. Kapteni Ephantus alikuwa mbele, mtu mrefu, mpole hata, na karatasi zake zimepangwa sawasawa.

"Sitachukua muda wenu," akasema. "Sajini Selpher amefanya kazi kwa bidii, hakuna anakataa. Lakini kazi inategemea nyinyi kusema ukweli. Mkisema NDIO, hakuna kitu. Mkisema HAPANA, tunawapata wodini. Sasa mimi nitaendaje kuwaambia wakubwa wangu tuendelee?"

Watu wakaanza kunung'unika. Mama akasema, si kwa sauti ya chini, "Twaitwa waongo na chai hatujapewa."

Sister Selpher akasimama, akapiga saluti.

"Afande, hawakudanganya. Kosa ni langu. Naomba dakika mbili." Akageukia watu. "Nauliza swali moja. Mjibu wote kwa pamoja. Mtu akiwa na homa, ako na nini?"

"Makamasi!" wakasema upande mmoja.

"Joto!" wakasema wengine, na sauti ya Mama ndio ilikuwa juu.

Watu wakageukiana. Halafu ukalipuka.

"Joto gani? Homa ni mafua!"

"Mafua ni mafua, homa ni homa! Nyinyi mlifunzwa na nani?"

"Sasa hii joto mnaiita nini?"

"Twaiita homa, babu, tangu kabla reli haijafika!"

"Tulieni! Tulieni!" Kapteni akagonga meza. "Sajini, hii ni kupoteza wakati. Kila mtu anajua homa ni nini. Homa ni ile ya kupenga..."

Akasikia mwenyewe. Nilimwona akisikia. Akaangalia karatasi yake, ile ya juu, akaangalia Sister Selpher.

"Wewe ulikuwa unauliza fever," akasema.

"Nilikuwa nauliza fever, afande."

"Na wao walikuwa wanakuletea mafua."

"Wengi wao. Ndio maana mia na nne. Na mwenye fever bila mafua, kama Dalmas, familia yake iliandika HAPANA. Na walisema ukweli." Akatoa karatasi yangu mfukoni, akaisoma yote, pole pole, mpaka ile ya tishu. Watu wakacheka kwa tishu, lakini vizuri. Mimi nilikuwa nimeinama mpaka paji linagusa magoti.

"Nani ameandika?" Kapteni akauliza.

"Afande, mwenyewe hapendi kutajwa. Lakini naomba iandikwe kwa ripoti kwamba si mimi niliona. Mimi nilikuwa na miezi minne ya kuona, na sikuona."

"Ni wangu huyo!" Mama akaruka. "Huyu hapa, aliyejikunja kama pweza! Nabiha binti Mabruki!"

"Mama!" nikasema. Ndio neno pekee nilisema siku hiyo.

Halafu Sister Selpher akafanya kitu sikutarajia. Alitembea kati ya viti mpaka mwisho wa ukumbi, mpaka kwa Mama Beryl, na mbele ya Kapteni na watu wote akasema, "Jacklyne, nilikuja kwako nikakupigia kelele bwanako akiwa wodini. Nilikuita mtu wa kunichezea. Nilikosa. Nisamehe."

Mama Beryl alikuwa amekunja mikono. Akamwangalia. "Ulinipigia kelele mpaka watoto wakaamka."

"Najua."

"Sawa. Dalmas ameanza kula ugali." Akasogeza begi yake kutoka kwa kiti cha pembeni. "Kaa basi. Umesimama kama unangoja mshahara."

Nimeona wakubwa wakikosea. Sijaona wengi wakirudi kusema, tena kwa mtu hana cheo, na mwenye cheo anasikia.

Kapteni hakubadilisha mawazo yote. Alisema hawezi kwenda kwa wakubwa na hadithi ya neno moja, anataka kuona. Akatoa muda mpaka mwisho wa Mei. Kama majibu hayatakuwa na maana, boksi inaondoka.

Walikaa tena saa nzima kutafuta swali jipya. Sister Selpher alisimama kwa ubao na chaki, anaandika anafuta. Mtu alisema tuandike "joto". Mzee mmoja wa Dagoretti akasema, "Mimi nyumba yangu ni mabati, saa saba mchana sote tuna joto, utakuja kutuchukua wote?" Mwingine akasema "mwili moto", wanaume wawili wakaanza kucheka vibaya, na wake zao wakawagonga viwiko. Mwishowe ikatoka hivi: *Ukimgusa paji, kuna mtu anachoma leo? Kuna mtu anakohoa?* Mama akasema ni Kiswahili cha ajabu. Akasema lakini ameelewa. Mama Beryl pia akasema ameelewa. Sister Selpher akaweka chaki chini.

Mei yote nilikuwa naogopa kwa niaba yake. Sasa majibu ya NDIO yalikuwa machache. Sister alituambia kuna siku nne mfululizo hakuna nyumba imesema NDIO, na nikawa nawaza, sasa itakuwaje, Kapteni ataona hakuna ugonjwa kabisa. Sister Selpher alikuja tu, siku zake za kutembelea, akauliza Afnan anakula nini, akapima, akaenda.

Wiki ya mwisho ya Mei Baba akarudi Ijumaa usiku. Alikuwa anaondoka Jumanne na wenzake arobaini wa banda lake, misheni ya tatu. Jumamosi asubuhi aliamka hataki chai. Nikamgusa paji, nikatoa mkono haraka. Akakohoa. Pua yake ilikuwa kavu kama karatasi. Simu ikalia saa kumi na mbili na nusu, na nikajibu NDIO, na ya pili NDIO.

Baba akasema, "Mwanangu, futa hiyo. Nikibaki Jumanne wenzangu wataniona vipi?"

"Hamna kufuta," Mama akasema. Lakini meseji ilikuwa imeshaenda.

Saa mbili Sister Selpher alikuwa mlangoni. Thelathini na tisa nukta moja. Alichukua sampuli, akauliza Baba alilala karibu na nani, na nani mwingine anakohoa, akaandika majina kumi na mawili kwa mkono, hakutaka kuuliza mara mbili. Akampigia mtu wa kambini simu hapo hapo. Hakuwaomba. Aliwaambia, kwa adabu, lakini aliwaambia: hawa kumi na wawili walale peke yao kuanzia sasa, na mtu wa kuwapima afike kabla ya saa sita.

Jumatatu jioni, nimeshatoka shule, alikuja kumwangalia Baba, ambaye alikuwa ameanza kuulizia pilau. Simu yake ikalia akiwa ameshika themomita. Akaweka sauti ya nje kwa sababu mikono ilikuwa na glavu.

"Sajini, ni Kapteni. Wangapi?"

"Sita, afande. Na Koplo Mabruki ni wa saba. Zote ni influenza, aina moja."

"Wangepanda ndege kesho."

"Ndio, afande."

"Saba ndani ya ndege moja." Tukamsikia akivuta pumzi. "Ripoti yako ya Mei nimesoma. NDIO kumi na tisa, influenza nane. Hiyo barua ya kufunga sitaipeleka. Nitaandika ingine. Unataka nyumba ngapi?"

Sister Selpher alifunga macho kidogo. Halafu akasema, "Thelathini, afande. Na mtu mmoja wa kunisaidia kuandika maswali, mtu wa Pwani."

Mama akakohoa kikohozi cha kujitangaza.

"Tutaona," Kapteni akasema, akakata.

Sister Selpher alirudisha simu mfukoni, akaangalia themomita kama hakuna kitu kimetokea, lakini ilikuwa imeshajizima. Mimi ndio nilikuwa karibu, nilikuwa nimeisoma.

"Ilisema ngapi?" akauliza.

"Thelathini na saba nukta mbili," nikasema.

Akaandika. Akafunga boksi, akavaa viatu, akasema anawahi Dagoretti, kuna nyumba imejibu NDIO.